Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tunaomba wasomaji wa mawimbi ya ubongo

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuhusu kifafa, na hasa kuhusu wale wanaopima mawimbi ya ubongo, yaani umeme wa ubongo unaochorwa kama mistari.

Binti yangu hakuwahi kuanguka wala kutokwa povu. Alikuwa anaganda. Yuko mezani anakula, kijiko kinasimama karibu na mdomo, kope zinapepesa, macho hayamwoni mtu; sekunde chache baadaye anaendelea kula kama kawaida. Darasani alichapwa, eti anaota mchana. Tulikoanzia matibabu alipewa kabamazepini, dawa nzuri kwa aina nyingi za kifafa, ila aina hii huweza kuizidisha. Kwake ilizidi.

Tulipofika Dar es Salaam alipakwa jeli na kubandikwa nyaya kichwani, akaambiwa avute na kutoa pumzi kwa nguvu kwa dakika tatu. Hazijaisha, akaganda. Kwenye skrini ile mistari midogo ikapanda ghafla: ncha na wimbi, ncha na wimbi, mara tatu kila sekunde, kulia na kushoto kwa pamoja. Mpimaji akanigeukia: "Mama, huyu haoti. Umeme wa ubongo unamchukua." Dawa ikabadilishwa, na mwanangu akarudi kuwa mwanangu.

Mheshimiwa, aliyemwokoa ni mtu aliyejua anachokitazama. Mwanzo wa ujuzi huo ni Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, aliyerekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akachapisha mwaka 1929, na kwa miaka kadhaa wenzake wakamtilia shaka. Mchoro ule ule wa ncha na wimbi ulielezwa mwaka 1935 huko Boston, Marekani, na Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox. Gibbs na mkewe Erna wakaifanya kazi hiyo kuwa ya maisha yao. Mwaka 1941 walitoa atlasi, yaani kitabu cha michoro ya mawimbi ya ubongo, na madaktari wengi wakajifunza kusoma kupitia humo. Atlasi ile ilitokana na kukaa mbele ya karatasi, mgonjwa baada ya mgonjwa, mpaka jicho likazoea.

Jicho lisilozoea ni hatari. Jasho, kutafuna, hata kupepesa macho huchora mistari inayoweza kudhaniwa kuwa kifafa, na mwenye kifafa kweli anaweza kutoka na mchoro safi kabisa. Mashine mpya bila msomaji itatuletea majibu ya kupotosha yenye mhuri wa hospitali.

Hapa kwetu pia tuna mfano wa mtu aliyejitoa. Mwaka 1960 Dk. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Alikuta watu walioungua kwa kuangukia moto, wengine wametengwa kwa hofu kwamba mate yao yanaambukiza, akawaanzishia fenobabitoni, dawa ya kifafa. Aliandika pia kuhusu watoto wanaosinzia kichwa, yaani kichwa kinainama chenyewe tena na tena, miongo mingi kabla ugonjwa huo haujavuma kutoka Sudan Kusini na Uganda. Watafiti waliomfuata wanauhusisha na ugonjwa wa usubi unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Angekaa msimu mmoja akaondoka, nani angeyaona hayo?

Kwa hiyo naomba kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na mpimaji aliyesomea kazi hii, mwenye cheo na mshahara wa kumfanya abaki, na daktari wa kusoma michoro yake, hata kama itabidi itumwe kwa mtandao hadi Dar es Salaam. Vijana wetu wanaopenda utafiti wa ubongo wapewe nafasi ya kuusomea na kuufanyia hapa hapa. Na wakati hayo yakiandaliwa, fenobabitoni isikosekane zahanati hata wiki moja, maana kukatiza dawa ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo huua.

Mei 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa kifafa unaotaka, ifikapo 2031, asilimia 80 ya wagonjwa wawe wanazipata dawa zinazowafaa. Naomba bajeti ijayo itaje mpango huo kwa jina na fungu lake, na mikoa ya kuanzia iwemo Morogoro, iliko Mahenge.

Wako mtiifu,
Mama mzazi, Ifakara