Mdogo wangu, usiifute ile video

Mdogo wangu mpendwa,

Juzi uliponiambia utaifuta video ya mchezo wenu kwa sababu simu imejaa, nilikosa la kukujibu. Usiku nikamkumbuka Evelyn Preer, mwigizaji mweusi wa Marekani wa enzi za filamu zisizo na sauti.

Alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1896, akakulia Chicago. Mama yake alikuwa mhubiri wa barabarani, na binti alihubiri pamoja naye. Mwongozaji filamu mweusi, Oscar Micheaux, akamchukua kuigiza The Homesteader, 1919, filamu ndefu ya kwanza ya Micheaux. Leo filamu hiyo haipo, imepotea kabisa.

Mwaka uliofuata ikatoka Within Our Gates. Humo Evelyn ni Sylvia, mwalimu anayehangaika kutafuta pesa za kuokoa shule ya watoto weusi huko Kusini mwa Marekani. Kuna mahali mzee wa kizungu anamvamia ndani ya nyumba. Evelyn anapambana naye, wanazungukana, mpaka yule mzee anaona kovu kifuani pake na kung'amua kwamba huyu ni binti yake wa kumzaa. Hakuna sauti, dada. Ni uso na mikono tu. Nilipofika hapo niliizima nikatoka nje kupunga upepo.

Hiyo nayo ilipotea kwa miongo. Ikaja kuonekana nakala moja tu huko Hispania, imepewa jina La Negra, maandishi yake karibu yote ya Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani ikaikarabati mwaka 1993. Nakala moja!

Na jukwaani ndiko alikotumia nguvu zake nyingi. Alikuwa na Lafayette Players, kundi la maigizo la watu weusi, na mwaka 1923 akafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na kundi la Ethiopian Art Players, akacheza Salome katika tamthilia ya jina hilo. Ningetoa chochote nimwone usiku ule, lakini hakuna pa kumwonea.

Nimonia ilimchukua Novemba 1932 huko Los Angeles, ana miaka 36 na kichanga cha miezi michache. Mtoto huyo alikuja kuwa mtawa, akafanya utafiti kuhusu Lafayette Players, kundi la wazazi wake. Kila nikilifikiria hilo moyo hunijaa: binti akimtafuta mama ambaye hakuwahi kumjua.

Jumamosi napita kwenu na flashi. Niandikie pia majina ya wenzako wote mliocheza nao, hata aliyekuwa anavuta pazia. Usifute kitu mpaka nifike.

Dada yako