Aliyeshindwa awe na pa kwenda

Mhariri, assalaam aleikum. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako.

Tangu uchaguzi wa Oktoba 2025 upite, huku kwetu Wete, Pemba, kila baraza unayokaa utakuta watu wanabishana demokrasia nzuri ni ipi, huyu anasema tume huru, yule anasema kura zihesabiwe hadharani, mwengine anasema amani kwanza mengine baadae. Yote sawa. Lakini mie naona kuna suali tunaliruka, yule alieshindwa anabaki na nini? Mshindi hana shida, kashapata. Alieshindwa ndie wa kumtazama, maana kama hana mahakama ya kumsikiliza, hana uhakika kama miaka mitano ijayo atapata haki yake, na hata barua ya kitambulisho anakwenda kuiomba kwa mtu aliewekwa na waliomshinda, huyo atayakubali vipi matokeo kwa moyo mweupe?

Na sie Wazanzibari tunalijua hili kuliko watu wengi. Uchaguzi wa Januari 1961, kati ya vyama vya wakati ule, ASP walipata viti 10, ZNP 9, ZPPP 3, na kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Kura moja jamani. Julai 1963 ASP wakapata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti wakapata 13 kati ya 31, serikali wakaunda wenziwao. Ikaja 1995, kwenye urais wa Zanzibar Dk. Salmin wa CCM asilimia 50.2 na Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, 49.8, yani nchi imegawika katikati kabisa halafu nusu moja inaambiwa kaa pembeni. Uchaguzi wa 2000 nao ukaleta yale ya Januari 2001, watu wakauliwa hapa Pemba na wengine wakapanda mashua kukimbilia Shimoni Kenya. Kuna majumba huku mpaka leo hayataki kuyazungumza.

Ndio maana siwaelewi kabisa wanaoibeza Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ile ambayo Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili. Rais Karume na Maalim walikaa kitako Novemba 2009, na tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni juu ya serikali hiyo, asilimia 66 wakasema ndio, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita salama, watu wakapumua. Ila tuseme kweli, hicho cha Makamu ni kiti cha juu tu, na chenyewe kinaweza kuondoka. 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akaufuta uchaguzi mzima, ukarudiwa Machi 2016, CUF wakasusia, hakuna chama chengine kilichofika asilimia 10 zinazotakiwa kupata kiti hicho, basi Makamu wa Kwanza hatukuwa nae mpaka Disemba 2020.

Sasa tazameni jirani zetu wa bahari hii hii, Seychelles, visiwa kama sie na watu wao ni wachache kuliko hata wa Pemba peke yake. Mwaka ule ule wa 2015, Disemba, mgombea wa upinzani Ramkalawan alishindwa urais kwa kura 193. Hakuridhika, akaenda mahakamani, mahakama ikamkatalia. Lakini alisikilizwa! Mwaka uliofuata upinzani wakachukua bunge na 2020 akashinda urais, chama kilichokaa madarakani tangu 1977 kikatoka na rais aliekuwepo akampa mkono, na 2025 nae Ramkalawan kashindwa kwenye duru ya pili akaondoka. Hakuna mtu aliepanda mashua kukimbia. Kenya mahakama ilifuta matokeo ya urais 2017, Malawi vile vile 2020, na nchi hazikuvunjika. Kwetu Katiba inasema Tume ikishamtangaza Rais basi hakuna mahakama ya kuyachunguza yale matokeo, sasa mtu mwenye dai lake alipeleke wapi kama si barabarani?

La pili ni sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji, na hapa nataka niseme kwa kirefu kidogo maana wakubwa wa mjini huwa hawalioni. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Sheha huyo ndie anaejua nani mkaazi na nani si mkaazi, barua yake ndio inakupeleka kwenye kitambulisho cha Mzanzibari, na bila ya kitambulisho hujiandikishi kupiga kura. Mie nimemuona kijana wa hapa hapa, kazaliwa hapa, babu yake kazikwa hapa, anazungushwa njoo kesho njoo keshokutwa mpaka uandikishaji umefungwa. Sisemi masheha wote wabaya, wako wanaojituma usiku na mchana na mtaa mzima unawapenda, lakini kwa nini haki ya mtu itegemee sheha ana moyo gani? Wenzetu wa bara mwenyekiti wa mtaa na wa kijiji wanamchagua wenyewe, sie sheha tunaletewa.

Kwa hiyo mhariri naomba hivi. Waandishi wako wanaokwenda Chukwani Baraza la Wawakilishi likikaa wamuulize kila mwakilishi, wa CCM na wa upinzani ACT-Wazalendo, mmoja mmoja kwa jina, yuko tayari kuunga mkono matokeo ya urais yapingike mahakamani kabla ya 2030, na sheha achaguliwe na wananchi, ndio au hapana. Majibu yao yachapisheni, sie huku tutayasoma.

Msomaji wako,
Wete, Pemba