Ile jezi namba 12

Mwanangu Saidi,

Hatujambo sote, ila mgongo wa mama yako ndio ule ule. Jana alikuwa anapanga kabati lako, akaikuta jezi ya DeBrincat, yule mchezaji wako wa magongo ya barafuni. Utepe mweusi uliobandika juu ya jina bado upo! Nikakumbuka Julai 2022, ulivyosusa chakula kwa sababu timu yako ya Chicago wamempeleka timu ya Ottawa mtu aliyefunga mabao 41 msimu ule. Ukaniuliza, "Baba, hawa wana akili?" Nikakwambia nenda kalale. Kusema kweli jibu sikuwa nalo.

DeBrincat alikuwa na miaka 24, hana kosa. Timu ndiyo iliyochoka. Enzi za makombe ya 2010, 2013 na 2015 zilishapita, na kuijenga upya si kazi ya mwaka mmoja. Mpaka wenzake wapya wakomae, yeye angekuwa anaukaribia uzee wa mchezo. Mkataba wake ulibakiza msimu mmoja, na kumshikilia baada ya hapo kulianzia dola milioni 9. Ligi nayo ina kikomo cha mishahara, milioni 82.5 msimu uliofuata, na wale nyota wakongwe wa Chicago, Kane na Toews, peke yao walikuwa wanakula 21. Basi wakamtoa, Ottawa wakawapa zamu tatu za kuchagua vijana wapya wanaoingia ligini, ya 7 na ya 39 mwaka ule, na nyingine ya 2024. Yaani umetoa kuku anayetaga, umepewa mayai ya kuatamia. Na mayai mengine huwa viza.

Halafu kuna hili linalonikera mpaka leo: kule kufungwa kuna faida. Wanaoburuta mkia ndio wenye nafasi kubwa kwenye bahati nasibu ya kuchagua kijana wa kwanza, na ukiwa na mfungaji wa mabao 41, mkiani hufiki kirahisi. Chicago walimaliza wa tatu kutoka chini, bahati ikawaangukia Mei 2023, wakachagua wa kwanza, wakampata kijana Bedard. Anaheim, wa mwisho kabisa, wakachagua wa pili.

Mimi aliyeniuma ni Kane. Ile fainali ya 2010 kule Philadelphia niliisikiliza redioni, nimeegesha teksi pembeni mwa barabara. Muda wa nyongeza, Kane akapiga kutoka pembeni, kisahani, ndio mpira wa barafuni, kikazama chini ya wavu, uwanja mzima hakuna aliyekiona. Yeye peke yake ndiye aliyeanza kushangilia. Februari 2023 akaenda Rangers ya New York. Alikuwa na miaka 34, mkataba unaisha, na ulikuwa na kipengele cha kukataa kuhamishwa, kwa hiyo timu alijichagulia mwenyewe. Mnada wa mnunuzi mmoja huo. Chicago wakaambulia zamu za raundi ya pili na ya nne. Ukishachelewa kuuza, bei ni ya mtumba.

Bado sijashawishika na huku kuuza nyota ili kupata vijana, lakini. Edmonton walichagua wa kwanza 2010, 2011 na 2012, na mtoano hawakuuona hadi 2017, tena wakiwa na nyota McDavid waliyempata 2015. Mkosi hautibiwi na watoto watupu.

Unajua DeBrincat na Kane walikutana tena Detroit? Mama yako anauliza jezi aitume huko chuoni au aigawe. Utepe nimeubandua, ila gundi imeganda kwenye ile B.

Baba yako