Mafunzo ya upishi yasiishie kwenye cheti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mafunzo ya upishi yanayotolewa kwa watu ambao ajira imekuwa ngumu kwao kuipata: waliomaliza vifungo gerezani, walioacha dawa za kulevya, wakimbizi, wasio na makazi na vijana waliokatiza masomo. Nimeifanya kazi hii kama mkufunzi na ninaiamini kwa moyo wote. Ndiyo maana nasikitika kuona wafadhili, na hata baadhi ya waandaaji, wakiipima kwa idadi ya vyeti vinavyogawiwa siku ya mahafali, ilhali kipindi kigumu zaidi kwa mhitimu huanza siku anapoingia katika jiko la mwajiri.

Upishi ulichaguliwa kwa sababu nzuri. Kazi zake za mwanzo hazidai shahada, ustadi wake huonekana kwa macho, na mtu ambaye hakuwahi kufaulu darasani anaweza baada ya wiki chache kushika kisu ipasavyo, kukunja ncha za vidole vinavyoshikilia kitunguu ili asijikate, na kutoa vipande vinavyolingana. Atajifunza pia kwamba chakula cha moto kinachosubiri kuliwa kibaki juu ya nyuzijoto 60 na cha baridi kibaki chini ya 5, kwa kuwa katikati ya viwango hivyo vijidudu huzaliana haraka, na atazoea kuandika tarehe kwenye kila chombo kinachoingia kwenye friji. Robert Egger, aliyeanzisha shirika la jiko la DC Central Kitchen mjini Washington, Marekani, mwaka 1989, alionyesha kwamba chakula kilichobaki kwenye hafla na mahoteli, badala ya kutupwa, kinaweza kuwalisha wenye njaa na wakati huohuo kuwafundisha ufundi wasio na kazi.

Hata hivyo, jiko la biashara lina mambo yake ambayo cheti hakiyasemi. Wateja wanapofurika, maagizo hutolewa kwa sauti kubwa, anayepita nyuma ya mwenzake na sufuria ya moto hupaza sauti kumtahadharisha, na mpishi mkuu hutaka kuitikiwa papo hapo. Kwa aliyezoea, hiyo ni kazi tu. Kwa mtu aliyeishi miaka mingi mahali ambapo sauti ya juu ilitangulia kipigo, ni jambo jingine kabisa; nimewaona wanafunzi hodari wakisimama kimya mbele ya ubao wa kukatia, mikono imewaganda, huku msimamizi akidhani ni kiburi. Haya hufundishika, ikiwa mkufunzi ataongeza kasi na kelele hatua kwa hatua na kumzoesha mwanafunzi kuitikia, lakini yanahitaji muda, na muda ndio unaokatwa kwanza bajeti inapobana.

Kisha kuna maisha nje ya jiko. Zamu huisha usiku wakati usafiri umekwisha au umekuwa wa hatari. Nauli inahitajika tangu siku ya kwanza, na mshahara unakuja mwisho wa mwezi. Mama anayelea peke yake hana wa kumwachia mtoto saa za jioni, ambazo ndizo saa za kazi. Aliyetoka gerezani kwa masharti ya kuripoti kwa afisa wa uangalizi hupangiwa saa zinazogongana na zamu yake. Na kwa aliyeacha pombe, hatari ninayoiogopa kuliko zote ni ile desturi ya wafanyakazi kukaa pamoja na kunywa baada ya kufunga jiko, kwa sababu anayekataa huonekana anajitenga, na anayekubali anaweza kupoteza kila alichokijenga.

Wapo walioliona hili mapema. Mgahawa wa Clink, uliofunguliwa mwaka 2009 ndani ya gereza la High Down nchini Uingereza, hufundisha wafungwa upishi na huduma kwa wateja halisi, na mpango wake unaendelea hata baada ya mhitimu kuachiwa huru, kwa kumsaidia kupata kazi na kumpa mlezi wa kumfuatilia. Nchini Marekani, kiwanda cha kuoka cha Greyston, kilichoanzishwa mwaka 1982, huajiri kwa kufuata zamu ya majina kwenye orodha, bila kuuliza historia ya mwombaji. Si kila mwajiri atafika huko, na simlaumu asiyefika. Angalau swali kuhusu makosa ya zamani liondolewe kwenye fomu ya kwanza, liulizwe baada ya mwombaji kuonyesha anachoweza kufanya kwa mikono yake.

Kwa wafadhili, ombi langu ni mahususi: acheni kuuliza wangapi wamehitimu, ulizeni wangapi bado wako kazini baada ya miezi 6, na mlipie gharama za kuwafikisha hapo, yaani nauli ya mwezi wa kwanza, malezi ya watoto jioni, na mtu mmoja anayepokea simu usiku zamu inapoisha. Mkufunzi anayejua atapimwa hivyo atapanga mafunzo yake kwa namna nyingine tangu siku ya kwanza.

Wako,
Mkufunzi wa upishi