Mafundi wa redio za gari, wacheni kukata waya

Mhariri,

Hawa mafundi wa redio za gari hapa Nakuru wanatumaliza. Mtu ana Toyota ya zamani ya kutoka Japani, redio inaishia 90 FM na maandishi yote ni Kijapani, kwa hivyo akitaka skrini ya kugusa simlaumu, lakini fundi anakata soketi yote ya waya nyuma ya redio, anafunga na selotepu, halafu ile waya nyekundu ya swichi ya ufunguo anaiunganisha pamoja na ya njano ya betri, sasa redio hailali, inanyonya betri usiku kucha, na asubuhi gari haistati. Soketi ya kuunganisha bila kukata iko, itisheni hiyo kabla ya kulipa. Na kucheza video dereva akishuka ule mteremko hatari wa Salgaa, jamani, hapana!

Mwenye gari, Nakuru