Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kuvumilia foleni ya Mwenge. Mapato na matumizi atayasoma mtunza hazina, sitamwingilia. Mimi nitazungumzia fanksheni ya gama, maana ndiyo iliyokula Jumamosi zetu nyingi.

Mwaka jana tuliazimia kuiandika na kupendekeza iingizwe kwenye maktaba sanifu ya JavaScript, yaani fanksheni zinazokuja tayari na lugha hiyo ya kuandikia programu; humo gama haimo. Pendekezo halijaenda, na aliyelizuia ni mimi. Walionung'unika wanisikilize.

Gama ni ndugu wa faktoria: gama ya 5 ni 24, yaani 4 × 3 × 2 × 1, ila hii hupokea hata namba zisizo kamili, kama nusu. Gama ya 0.5 ni kipeuo cha pili cha pai. Tulitumia njia ya kuikadiria gama aliyoitoa mwanahisabati Lanczos mwaka 1964. Mistari michache, majibu safi, tukapigiana makofi. Kisha binti mmoja, mwanachama mgeni kabisa, akaiingizia 150, ikajibu kwamba jibu halina mwisho. Si kweli. Namba za desimali za kompyuta hufika karibu 1.8 × 10^308, na gama huvuka hapo baada ya 171. Yetu ilifurika njiani: tulipandisha namba kwenye kipeo kikubwa kabla haijakutana na kile kinachoipunguza. Dawa aliileta yeye mwenyewe: kata kipeo nusu kwa nusu, zidisha ya kwanza, punguza, ndipo uzidishe ya pili. Mimi nilikuwa nimeshalaumu kompyuta.

Tangu siku hiyo siwacheki tena watu wa C++, lugha nyingine ya programu, kwa kwenda polepole. Fanksheni za Bessel, zeta na wenzake, ambazo ni za hesabu ngumu kama gama, zilikuwa kwenye ripoti yao ya kiufundi iliyochapishwa 2007, zikaingia kwenye kiwango rasmi 2017, na hata hapo si kila mtengenezaji wa maktaba ya C++ aliziweka mara moja. Kitu kikishaingia kwenye maktaba sanifu, kukitoa ni kuvunja programu za watu.

Zimebaki namba hasi. Ukikaribia -1, -2 au -3 gama hupaa, na sini, ile ya trigonometria, tunayoitumia kukokotoa upande huo hupoteza tarakimu, yaani usahihi wa jibu. Wanachama wawili wamejitolea. Mwenye kompyuta ya zamani ailete Jumamosi ijayo, tunataka kulinganisha majibu. Na ada, jamani, wengine bado mnadaiwa ya mwaka jana.