Vijana wa kamati ya maridhiano, anzeni kwa wafiwa

Assalaam aleikum wanangu, na nyinyi wa kanisani Bwana asifiwe. Nimesikia mwataka kufanya mkutano mkubwa wa maridhiano hapa Lamu, mahema, maspika, viongozi waalikwe, shehe na pasta washikane mikono mbele ya kamera. Nia nzuri, siwakatazi. Lakini wafiwa mumewauliza?

Mwaka 2014, usiku wa tarehe 15 Juni pale Mpeketoni na ule uliofuata, waliuawa watu kama 60, wengi wanaume, wametolewa mahotelini na majumbani wakaulizwa dini yao. Julai wakashambulia na kijiji cha Hindi, huku huku Lamu. Al-Shabaab wakasema ni wao, Rais Uhuru akasema sio wao ni mitandao ya siasa za hapa hapa, na tangu hapo mjane hajui amlaumu nani kwa hivyo wengine wamemlaumu jirani mwenye kofia. Wawili walishtakiwa, Mahakama Kuu ikawaachilia. Sawa, ushahidi kama hautoshi hautoshi, kumfunga asiyehusika hakumpi mjane haki yake, ila basi nani alifanya? Hakuna aliyerudi kumweleza yule mama.

Sasa nyinyi mwende mukampe maiki aseme amesamehe? Hata kwetu sheria ya dini yasema msamaha ni haki ya warithi wa damu, wakitaka wasamehe, wakitaka diya, yaani fidia ya damu, si mwenyekiti wala shehe wa kuwasamehea. Na ile "yaliyopita si ndwele" naomba msiitumie huko, naona kila mara husemwa na asiyezika mtu.

Nendeni kwao kwanza, mkae, muulize wataka nini. Mmoja atataka faili lifunguliwe, mwingine karo ya watoto, mwingine ataka tu kuambiwa ukweli. Iko Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014, yawapa haki ya kusikizwa na yataja mfuko wa kuwasaidia, mchukueni wakili kijana mmoja awafafanulie kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kikuyu pia maana wako nyanya wa huko hawatawaelewa.

Halafu wako wamama wa upande wetu, watoto wao walichukuliwa kwenye misako baada ya hapo na mpaka leo hawajaonekana, wala kaburi. Hao nao wafiwa. Msipime nani kaumia zaidi, andikeni majina yote kwenye daftari moja mupeleke kwa kamishna wa kaunti na mudai jibu kwa maandishi.

Mambo ya ardhi yatatoka tu, skimu ya Lake Kenyatta, ile ya kugawia watu mashamba pale Mpeketoni, ni ya tangu miaka ya sabini na watu hapa wana yao moyoni, hata mimi ninayo. Yawekeeni siku yake na watu wa ardhi na ramani mezani. Mtu akianza kuyataja kwenye matanga kama sababu ya wale kuuawa, mnyamazisheni hapo hapo, awe mzee awe nani.

Kwa hivyo vukeni bahari hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, mukiwa wachache, bila tisheti za kamati na bila mwanasiasa, mana akija yeye na unga wake basi kikao ni chake. Mukiulizwa mumetumwa na nani semeni mzee wa mtaa wa Langoni. Na hayo mahema msiyatilie arbuni bado.